Kula bata Mwanza kwa kufuata mwezi na mavuno: mwongozo wa wikiendi moja

Haipiti muda sijaulizwa hili swali, mara na rafiki niliyesoma naye ambaye saivi yuko Dar, mara na binamu anayekuja semina ya siku tatu, "huko kwenu Mwanza wikiendi mnaendaga wapi?" Na nikimjibu aangalie kwanza mwezi uko wapi angani anadhani namtania, ila namaanisha kabisa. Bata la jiji hili halijapangwa na ratiba za kumbi, limepangwa na ziwa na mashamba ya kuanzia Kisesa kwenda Magu na Kwimba huko. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi, mvua zikishika watu wako na jembe hawachezi ngoma, asubuhi ikishapita soko la samaki limebaki maji na magamba. Mtu anayekuja na saa zake za Dar, analala mpaka saa sita mchana afu anaanza kutafuta kiwanja saa nne usiku, ataona baa tu na ataondoka akisema Mwanza hamna kitu, na hiyo kauli inaniumaga sana kwa sababu najua alipishana na nini. Kwaiyo hizi ni hatua ninazofuata mimi nikiwa na mgeni wa Jumamosi na Jumapili.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla hujachagua mahali

Anza na mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani zilikuwa karabai saivi nyingi ni taa za betri na sola, na taa inavuta dagaa pale tu ambapo kuna giza. Mbalamwezi ikiwaka juu, taa ya mvuvi haina kazi, kwaiyo zile siku za mwezi mpevu mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na dagaa wabichi wanaadimika sokoni. Ukija kwenye siku za giza unapata vitu viwili kwa mkupuo. Asubuhi soko limejaa. Na usiku ukisimama sehemu ya juu juu, mfano mlimani Capri Point, ukaangalia ziwani unaona taa zimejipanga mbaaali kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mgeni wangu mmoja alisimama pale akauliza ile ni wilaya gani. Sikumjibu haraka, nilimwacha aendelee kuangalia mpaka akaona zile taa zinacheza na mawimbi akajua mwenyewe.

Cha pili ni mavuno. Ngoma za Kisukuma zenye mashindano yake, zile tunaita mbina, zinachangamka kuanzia Juni mpaka Agosti watu wakishavuna, wana chakula, wana hela kidogo na wana muda. Kubwa kuliko zote kwa huku ni Bulabo, pale Bujora Kisesa, inafungamana na sikukuu ya Ekaristi ambayo huangukia siku 60 baada ya Pasaka, kwaiyo kila mwaka inahama, mwaka huu inaweza kuwa mwisho wa Mei na mwaka mwingine katikati ya Juni. Hesabu kuanzia Pasaka ya mwaka husika afu piga simu kuulizia, usikariri tarehe ya mwaka jana. Agosti mwanzoni kuna Nane Nane viwanja vya Nyamhongolo, na kule sio matrekta tu, kuna vikundi vya ngoma na vyakula vya asili ambavyo mjini huvipati kirahisi.

Ukishindwa kupata tarehe yenye vyote viwili, chagua mavuno. Dagaa watarudi wiki mbili mbele.

Hatua ya 2: Jua kuna nini, na usitegemee bango peke yake

Mabango yapo, yanabandikwa kwenye nguzo na kuta, ila mengi ni ya shoo za wasanii wa bongofleva. Ngoma na mambo ya asili yanatangazwa kwa mdomo, kwa gari la matangazo na kwa redio. Radio Free Africa iko hapa hapa Mwanza, na vipindi vya nyimbo za asili ukivisikiliza kwa makini utasikia kikundi fulani kinacheza wapi. Njia yangu nyingine ni wale vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, maeneo ya sokoni wapo wengi. Mwambie akuwekee nyimbo za asili za Kisukuma za sasa, afu muulize manju gani, yaani mtunzi na mwimbaji anayeongoza kikundi cha ngoma, anatamba kipindi hiki na anacheza lini. Hao vijana wanajua kuliko tovuti yoyote, kwa sababu kila manju akitoa kitu kipya kinapitia kwao. Afu zile nyimbo zisikilize kweli njiani, hata kama hujui Kisukuma, ili siku ya ngoma sauti ikianza usiwe mgeni kabisa.

Angalia pia kama kuna mechi. Pamba Jiji walirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka mingi chini, na siku wakicheza CCM Kirumba na timu kubwa ya Dar barabara ya kwenda Pasiansi inasimama, kwaiyo kama umepanga kula maeneo ya huko ondoka mapema au ingia na wewe uwanjani, utasikia shangwe ya Mwanza ikoje.

Hatua ya 3: Hela ndogo ndogo, viatu vya kufunga, na salamu tatu

Chenji noti zako ziwe za 1,000 na 2,000. Ngomani unamtunza mchezaji au manju kwa kumpa hela mkononi au kumbandika, na ukiwa na noti ya elfu kumi peke yake utasimama unaangalia tu. Viatu viwe vya kufunga, sokoni panateleza na Kisesa kuna vumbi. Beba kitu cha kujifunika jioni, upepo wa ziwani unabadilika ghafla.

Salamu: asubuhi "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", na ukipewa kitu "wabeja". Kwa mtu mzima isindikize na shikamoo yake na kuinama kidogo. Hayo maneno matatu yamenifungulia milango ambayo hela haifungui.

Hatua ya 4: Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mwaloni

Hapa usinidanganye kwamba umechoka na safari. Panda bodaboda au daladala mpaka Kirumba, mwambie konda unashuka Mwaloni. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, na huu wa Kirumba ni soko kubwa la samaki na dagaa, malori yanapakia hapa kwenda mikoani na nje ya nchi. Harufu itakupokea kabla hujafika getini, baada ya dakika kumi huisikii tena.

Tembea taratibu kwa pembeni, katikati ni njia ya wabeba mizigo na wakisema pisha wanamaanisha, mtu ana gunia kichwani haoni miguu yake. Utaona dagaa wamemwagwa kama mchanga wa fedha, utaona furu, wale samaki wadogo wenyeji wa ziwa hili, utaona vipande vikubwa vya sangara vimekaushwa kwa chumvi, hivyo ndo kayabo, na sehemu kubwa inasafiri mpaka Congo. Utaona pia mapanki, yale mafupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishatolewa viwandani. Sangara mwenyewe sio mwenyeji wa ziwa hili, alipandikizwa enzi za ukoloni, akawala furu kwa kiwango cha kutisha, na leo ndo anayesomesha watoto wa nusu ya watu unaowaona hapo. Ukiwa na mtoto msimulie hapo hapo samaki akiwa mbele yake, ataelewa haraka kuliko darasani.

Kununua dagaa wa kupeleka nyumbani kuna siri moja. Chukua wachache kiganjani, wasugue kwa kidole gumba, afu wamwage na uangalie mkono. Kama kuna chenga za mchanga walianikwa chini. Dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya vichanja vyenye nyavu, wanaacha mkono mkavu na wanang'aa, na hata bei ikiwa juu kidogo lipa, maana huyo wa mchanga utamuosha maji matatu na bado atalia kwenye meno. Mama mmoja pale aliniona nasugua akacheka akanivuta kwenye meza yake ya nyuma, "njoo mwanangu, wewe umefundishwa." Na kweli nilifundishwa, na mama yangu mdogo, nikiwa na miaka tisa.

Sato mbichi angalia macho yawe yametokeza na maangavu, funua shavu ndani pawe pekundu sio kahawia, bonyeza mwili na kidole, shimo lirudi. Vitatu hivyo vikikubali huyo kavuliwa usiku huo. Usipige picha watu bila kuomba. Ukiomba vizuri wengi wanakubali, na wengine watakupangia na samaki.

Kabla hujaondoka kaa kwa mama lishe unywe supu ya kichwa cha sangara na ndimu na pilipili, chapati mbili au ndizi. Mimi huu mlo naupa nafasi ya kwanza wikiendi nzima kuliko hoteli yoyote ya Capri Point, na nimewapeleka watu wenye pesa zao wakakubaliana na mimi.

Hatua ya 5: Mchana, jua likiwa kali

Pumzika, au nenda Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kisiwa kiko hapo hapo mbele ya Capri Point na boti ni dakika chache. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa anaishi pale kabla hapajafanywa bustani ya wanyama 1964. Miamba, pimbi, swala pala, mijusi yenye rangi mbili, kivuli kizuri cha kulia chakula ulichobeba. Vaa laifujaketi hata kama nahodha anakwambia ni karibu tu. Na usishawishike kuingia maji ya pembeni yenye majani, huku kichocho kipo kweli, tusioneane aibu kuambiana.

Hatua ya 6: Saa kumi na mbili na nusu jioni, Kamanga

Jua la Mwanza linazama karibu saa moja, upande wa ziwa. Jiwe la Bismarck, lile la kwenye picha zote, liko pale karibu na kivuko cha Kamanga, limekaa juu ya mawe mengine kama mtu kaliweka kwa mkono. Fika nusu saa kabla. Nunua karanga au mahindi ya kuchoma, kaa, angalia kivuko kinarudi kutoka Sengerema na watu wameshika baiskeli na kuku. Hapo hakuna cha kufanya kingine na hakihitajiki.

Hatua ya 7: Chakula cha usiku, na namna ya kuagiza samaki bila kuumia

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanapoharibikiwa.

Sehemu yoyote ya kando ya ziwa utakayochagua, iwe hoteli kubwa ya Capri Point au banda la makuti kule Igombe, usiagize samaki kwa menyu peke yake. Mwambie mhudumu kwa upole, "dada, naomba nimuone samaki kabla hajaingia jikoni." Akikuletea sinia lenye sato watatu wanne, chagua, uliza bei ya huyo huyo uliyemgusa, na mkubaliane ugali ni bei hiyo hiyo au mbali. Niliwahi kupeleka wageni sehemu moja, jina silitaji, tukaagiza sato wa kati kwa maneno tu, bili ilipokuja tukaambiwa tulikula wakubwa, na mifupa ndo ilikuwa imebaki mezani, utabisha na nini? Toka siku hiyo namuona samaki kwanza na sijawahi kugombana tena na mtu.

Afu kuwa mpole na muda. Sato wa kuchoma vizuri ni dakika arobaini na tano mpaka saa nzima, na ukiona kaletwa dakika kumi na tano ujue kachomwa mchana akapashwa. Kwaiyo agiza ukiwa hujaumwa na njaa, anza na mtindi au soda, piga stori. Akija, ngozi iwe imekauka imepasuka zile chanjo za kisu na ndani nyama nyeupe inatoka unyevu. Kula na mkono. Kidole ndo kinaona miba kabla ya koo.

Ugali uliza kama wana wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Una harufu yake na unavutika, mgeni wa mara ya kwanza anasita, tonge la tatu anaelewa, na samaki wa mchuzi anapenda ugali huo kuliko wa sembe. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mahoteli ni nadra, ila sokoni vipo, nunua Jumamosi asubuhi uje uvichemshe na karanga ukirudi kwako. Mlenda ukiuona agiza bila kuuliza.

Baada ya kula kama kuna bendi laivu kaa. Wikiendi baadhi ya mahoteli na baa wanakuwa na bendi ya dansi, na mimi napenda kukaa meza ya pembeni sio mbele ya spika, ili tuongee. Wakikwambia shoo ni saa tatu, ya kweli ni saa tano, kwaiyo usimalize hela ya vinywaji unasubiri. Kama una ndugu Geita au Sengerema mwite aje, kuna jambo limebadilika hapa ambalo watu wa nje hawalijui. Zamani wa Geita alikuwa anaondoka samaki hajaiva anawahi kivuko cha Kigongo-Busisi, saivi toka Juni 2025 Daraja la JP Magufuli limefunguliwa, kama kilomita 3 za maji unazipita ndani ya dakika chache. Meza zetu za Jumamosi zimekuwa ndefu kwa sababu ya lile daraja, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lala saa sita. Kesho ndo siku yenyewe.

Hatua ya 8: Jumapili, Kisesa na Bujora

Panda daladala la Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, utapita Buzuruga, Igoma, mpaka Kisesa senta. Hapo unachukua bodaboda au unatembea barabara ya vumbi kupandisha Bujora. Pale kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri mmoja kutoka Canada, David Clement, akishirikiana na wazee wa hapa, na kanisa lenyewe limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, viti na alama za uchifu zimeingia mpaka ndani ya ibada. Ukiwahi misa ya asubuhi utasikia ngoma kanisani, inatosha kuwa safari.

Chukua mwongozaji, usitembee peke yako, maana vitu vingi pale havijielezi vyenyewe. Mwambie akuoneshe ngoma na viti vya watemi, yaani machifu wa Kisukuma, jengo vilimowekwa lina umbo la kiti cha enzi. Na mwombe akuoneshe zile namba. Zamani kila rika la Wasukuma lilikuwa na maneno yake ya kuhesabu moja mpaka kumi, wadogo hawahesabu kwa maneno ya wakubwa wao. Nilisimama hapo na binti yangu tukajaribu kuyasoma kwa sauti, yeye rika lake mimi la kwangu, tukafika saba tukaanza upya. Ni kitu kidogo sana na ndo ninachokikumbuka kuliko vyote vya pale.

Kisesa hapa hapa ndo Rais Samia alipewa uchifu na jina la Hangaya Septemba 2021, kwaiyo ukisikia watu wanasema Chifu Hangaya ujue chimbuko liko hapa.

Sasa ngoma. Ukibahatisha siku ya mbina usiende kama unaenda kwenye ukumbi wa viti. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na hamna jaji mwenye karatasi. Jaji ni wewe na miguu yako. Upande ukikuvutia unasogea, ukipoa unahama, na mwenye watu wengi mwisho wa siku ndo kashinda. Utaona umati mzima unakimbia kutoka huku kwenda kule kwa sababu upande mmoja wametoa chatu, au kuna mtu kapanda juu ya mwenzake, au manju kaimba mstari umemchoma mtu. Ushindani huu una pande mbili za asili, Bagika na Bagalu, toka karne ya 19, kila upande na mganga mwanzilishi wake, na hata leo utasikia wazee wanasema dawa ya kuvuta watu imefukiwa uwanjani. Uliza mwenyeji yeye ni wa upande gani, akikujibu umepata mwalimu wa siku nzima.

Usikose Bugobogobo, ngoma ya jembe. Ilianzia shambani, ngoma inapigwa ili watu walime kwa mkupuo mmoja bila kuchoka, na uwanjani majembe yanarushwa juu yanazunguka yanadakwa, kwa mpini, jembe la kweli lenye chuma. Simama hatua chache nyuma ya kamba kwa sababu hiyo, ila usisimame mbali, ile ngoma kubwa unatakiwa uisikie kifuani. Njuga za miguuni zinaanza kabla mchezaji hajatokea, unasikia tu chaka chaka chaka kutoka nyuma ya watu afu umati unafunguka. Mara ya kwanza kumpeleka mke wangu, yeye ni wa Pwani, alinishika mkono dakika zote zile hakuongea.

Ukitaka kutunza, msubiri manju amalize ubeti, sogea, mpe noti, mtajie jina lako na unakotoka kwa ufupi. Anaweza kukuingiza kwenye wimbo hapo hapo, na ukisikia jina lako katikati ya Kisukuma watu wote wanageuka. Kurekodi na simu omba kwa kiongozi wa kikundi, wengine wana kazi zao za kuuza na video yako ikizunguka inawaumiza.

Hatua ya 9: Kabla hujapanda daladala la kurudi

Anza kuondoka saa kumi na moja, wakimaliza wote wanaelekea barabarani kwa pamoja na magari yanajaa. Ila kabla hujatoka uwanjani tafuta mpiga ngoma anayejipangusa jasho pembeni au yule mama muuza karanga anayefuata mbina kila kijiji, msalimie, chukua namba yake ya simu. Mashindano ya wiki ijayo yanakubaliwa pale pale kwa mdomo, kikundi kilichoshindwa kinadai marudiano, na wao ndo wa kwanza kujua ni Jumapili gani na ni kijiji gani.